Darubini haijalegea, inateleza makusudi

Haya ndiyo niliyoongea siku ile kwenye mkutano wa walengaji shabaha, nimeyaandika yote kama nilivyoyasema kwa ajili ya wale ambao hawakufika.

Shikamooni wazee wangu. Vijana mambo vipi, dada zangu na mama zangu wa shabaha karibuni sana, na nyie wa kule nyuma sogeeni jamani, viti vipo huku mbele na hakuna anayeng'ata.

Nianze na swali. Nani hapa amewahi kushika bunduki yenye ile darubini ndefu ya zamani, nyembamba, inaanzia karibu na jicho inaenda kuishia huko mbele juu ya mtutu, akaigusa kidogo ikateleza, akasema moyoni ah, hii imekufa? Nyoosheni mikono. Eeh, naona. Naona hata mzee pale amenyoosha nusu mkono, nyoosha wote mzee wangu, hapa hakuna mwenye kucheka.

Sasa sikilizeni. Haijafa, na wala haijalegea, aliyeitengeneza alitaka iteleze. Kwenye darubini hizi kioo kazi yake ni kukuonyesha tu, anayelenga ni maunti, vile vishikio vinavyolibeba bomba juu ya bunduki. Darubini za kisasa marekebisho yako ndani ya bomba, unazungusha nobu na kinachosogea ni vitu vya ndani usivyoviona, lakini hizi za zamani ndani hakuna kinachosogea, ukizungusha nobu ni bomba zima linainuka au linakwenda pembeni na wewe unaliona kwa macho yako. Kwa hiyo risasi zikianza kwenda ovyo usikimbilie kulaumu lenzi. Angalia miguu, angalia maunti na besi zake kwanza. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Na kabla hatujagusa kitu, zile bunduki pale mezani: bolti, kile chuma kinachofunga risasi kwa nyuma, iwe nje, chemba, yaani tundu inamokaa risasi, iwe tupu, umetazama kwa macho halafu umehakikisha kwa kidole, mtutu unaelekea kule ukutani. Leo tutachungulia ndani ya mitutu, sitaki utani kwenye hilo. Tumeelewana? Haya.

Hizi darubini zimetoka wapi? Miaka ya 1850, huko Syracuse, jimbo la New York, Marekani, kulikuwa na bwana anaitwa William Malcolm, huyu alianza kutengeneza darubini za bunduki kwa lenzi za vioo viwili vilivyoshikana ili rangi zisitawanyike kwenye picha, na mabomba yake yalikuwa marefu, mengine yanakaribia urefu wa mtutu wenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokuja baadhi ya wadunguaji walikuwa na darubini za namna hiyo. Baadaye kampuni ya bunduki ya Winchester wakatoa ya kwao, A5, ambayo kikosi cha Marine cha jeshi la Marekani kiliiweka kwenye bunduki zake za M1903 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, halafu kampuni ya Lyman ya Connecticut wakaichukua wakaiita 5A. Kisha kuna John W. Fecker, fundi ambaye alikuwa anatengeneza pia darubini za kuangalia nyota, na kwake ndiko alikofanya kazi John Unertl kabla ya kuanzisha kampuni yake Pittsburgh mwaka 1934. Lyman nao hawakukaa kimya, wakaja na Targetspot, kisha Super Targetspot. Fecker, Unertl, Lyman. Mkianza kutafuta hizi darubini hayo majina matatu mtakutana nayo kila kona. Na msidhani ni mapambo ya kuweka kabatini, ile Unertl ya kukuza mara 8 Marine walikwenda nayo Vita vya Pili vya Dunia na bado Carlos Hathcock, yule mdunguaji wao maarufu, alikuwa nayo juu ya bunduki ya Winchester Model 70 kule Vietnam.

Sasa kwa nini bomba linateleza?

Bunduki ikilia inapiga teke, inarudi nyuma ghafla. Darubini nayo ni nzito, ni chuma kirefu na vioo, na kitu kizito kikiwa kimetulia kinataka kuendelea kutulia. Kwa hiyo bunduki inakimbia kwenda nyuma na darubini inabaki palepale, wewe unaona kama imerukia mbele kumbe ni bunduki ndiyo imeikimbia. Ukiiachia nafasi ya kubaki hivyo, teke halifiki kwenye lenzi wala kwenye uzi wa msalaba, ule unaolengea ukichungulia. Na huo uzi, kwenye darubini nyingi za zamani, mnajua ni uzi wa nini? Wa buibui. Mnacheka? Buibui kweli, huyuhuyu wa kwenye dari, uzi wake ni mwembamba kuliko waya wowote waliokuwa nao mafundi wa wakati ule na ni imara kwa wembamba wake, wakawa wanaunyoosha kwenye ringi ndogo na kuugundisha. Sasa niambieni, kitu kimeshikwa na uzi wa buibui, wewe unataka kukipigilia kwenye bunduki ya .30-06, ile ya risasi kubwa, kisitikisike?

Kuna kijana mmoja alifanya hivyohivyo. Alinunua Super Targetspot safi kabisa, akaifunga kwenye bunduki ya risasi kubwa, akaona kila akipiga inateleza, akaudhika, akachukua bisibisi akakaza ringi ya mbele mpaka bomba halisogei hata kidogo. Akafurahi. Kwa muda risasi zikawa zinakaa vizuri, halafu kundi, yaani matundu ya risasi kwenye karatasi, likaanza kutembea, leo juu kesho kulia, akabadilisha risasi, akabadilisha mkanda, akabadilisha mpaka namna ya kupumua jamani. Mwisho akaleta bunduki tuitazame. Tulikuta skrubu za besi zimelegea zote, maana teke lote ambalo lilipaswa kuishia kwenye kuteleza lilikuwa linabebwa na viskrubu vinne visivyo na ubavu huo, na bomba limebonyea pale ringi ilipokuwa inabana. Skrubu zinarekebishika. Bomba lililobonyea ndiyo basi, hata ukilegeza ringi likifika pale linakwama, na likikwama kila mara mahali tofauti kila risasi itakuwa na mawazo yake.

Kwa hiyo unafanyaje? Unapiga, unairudisha. Unapiga, unairudisha. Kwenye bomba kuna ringi ndogo ya kituo imebanwa kwa skrubu, unavuta bomba nyuma taratibu kwa vidole mpaka hiyo ringi iguse maunti, hapo ndipo nyumbani kwake. Nguvu ileile, mwendo uleule, bila kulizungusha. Unertl nyingi zina springi kubwa imezunguka bomba ambayo inalirudisha yenyewe, ni jambo zuri, ila mimi hata kwenye zenye springi naguswa na wasiwasi na napenda niguse nihakikishe, kwa sababu vumbi likiingia springi inaweza kuishia njiani. Kwenye .22, bunduki ya risasi ndogo, bomba linasogea kidogo sana, wengine hawaoni hata kama limesogea, lakini hilo kidogo likijilimbikiza risasi baada ya risasi utakuja kujikuta unanyoosha shingo kutafuta picha bila kujua kwa nini.

Na kujizungusha je? Hapo mafundi walifikiria. Fecker na Unertl wana ukingo mrefu umefungwa juu ya bomba unaopita kwenye mkato wa ringi ya mbele, Wamarekani wanauita Pope rib kwa jina la Harry Pope yule fundi maarufu wa mitutu, na darubini nyingine badala ya ukingo zina mfereji kwenye bomba. Kazi ni moja, msalaba usilale. Safisha hapo. Kitambaa kikavu, kisha kingine kilichonusishwa mafuta tu, usiloweshe, mafuta mengi yanakamata vumbi na vumbi lenye mafuta ni msasa.

Haya, miguu. Nilisema tutarudi kwenye miguu.

Besi ni vile vipande viwili vinavyofungwa kwenye bunduki, kimoja nyuma na kimoja mbele kwenye mtutu, na maunti ndizo zinazokaa juu yake. Swali langu kwenu: umbali kati ya besi na besi ni kiasi gani? Nani amewahi kupima? Hakuna. Hakuna hata mmoja, na wote mna makalipa ya kupimia nyumbani!

Kipimo cha kawaida ni inchi 7.2, katikati ya maunti hii hadi katikati ya ile. Hiyo 7.2 hawakuiota. Mikromita, yaani skrubu za kupimia zilizo ndani ya nobu, zina nyuzi 40 kwa inchi, kwa hiyo raundi moja nzima inasogeza shina la nobu inchi 0.025, na raundi hiyo imegawanywa kliki 50, zile hatua ndogo unazozisikia ukizungusha, ina maana kliki moja ni inchi 0.0005, yaani nusu ya elfu moja ya inchi. Yadi 100 ni inchi 3,600. Zidisha 0.0005 kwa 3,600 unapata 1.8. Gawanya kwa 7.2. Nani ana simu afanye hesabu? Robo inchi kamili! Ndiyo maana kliki moja inakupa robo inchi kwenye yadi 100, karibu sawa na robo ya dakika ya pembe, na dakika moja ni sehemu moja ya 60 ya digrii. Haikutokea kwa bahati, ni umbali wa besi ndio umeifanya ikawa hivyo.

Kuna walengaji wawili, marafiki wakubwa, walibishana mpaka wakaacha kusalimiana. Darubini zao ni aina moja, bunduki zinafanana, lakini mmoja akizungusha kliki 20 risasi inapanda inchi 5, mwenzake kliki 20 hizohizo zinampa karibu inchi 6. Mmoja anasema yako imechakaa, mwingine anasema wewe hujui kuhesabu. Tukachukua rula. Wa pili mtutu wake ulitobolewa besi ikakaa karibu zaidi, inchi 6.2, na 1.8 ukigawanya kwa 6.2 unapata 0.29. Mara 20 ni 5.8. Ugomvi ukaisha hapo. Hakuna aliyekuwa na darubini mbovu. Na ukiweka besi mbali, tuseme inchi 9, kliki moja inakuwa 0.2, ndogo zaidi na laini zaidi, wapo wanaoipenda hivyo. Hakuna dhambi kuwa na 6.2 wala 9, dhambi ni kutojua uliyo nayo. Pima, andika kwenye karatasi, bandika ndani ya kasha la bunduki.

Kimo cha besi nacho ni jambo. Mtutu unapungua unene ukienda mbele, kwa hiyo besi ya mbele mara nyingi ni ndefu kuliko unavyotegemea, na ukichanganya besi za bunduki nyingine utakuta nobu imezungushwa mpaka mwisho na bado risasi ziko chini. Hapo watu wanapenda kulazimisha. Usilazimishe. Nobu ikiwa imetoka sana, springi ya upande wa pili imenyooka mno na haisukumi tena kwa nguvu inayotakiwa, bomba linaanza kuelea. Tafuta besi ya kimo sahihi ili nobu zote mbili zifanye kazi katikati ya safari yake.

Skrubu za besi ni za namba 6 nyuzi 48 kwa inchi, ndogo sana. Futa mafuta yote, kwenye tundu na kwenye skrubu, tumia bisibisi inayojaa mkato wake, kaza kwa uthabiti na usitumie hasira. Halafu maunti zenyewe, ile skrubu ya kubana ina mahali pake, pembeni ya besi kuna kikato cha nusu duara, skrubu ikae ndani ya hicho kikato. Ikikaa nje ya kikato itabana vizuri tu mkononi na itakudanganya mpaka risasi ya kwanza. Kaza kwa vidole. Nasema vidole, sio koleo, nimeshaona nobu nzuri sana za Lyman zimetafunwa na koleo inauma roho.

Ukishafunga, unaitafutia ziro ya mwanzo, yaani risasi iende msalaba unapoonyesha, hivi: bolti nje, bunduki imetulia kwenye mifuko ya mchanga, chungulia kupitia mtutu wenyewe mpaka shabaha ya yadi 50 ikae katikati ya tundu, kisha bila kuigusa bunduki zungusha nobu mpaka msalaba uje palepale. Rudi uchungulie mtutu. Rudi kwenye darubini. Fanya mpaka vyote viwili vikubaliane, na karatasi utaipata risasi ya kwanza.

Tuje kwenye kioo. Najua hapa ndipo mlipokuwa mnasubiri.

Kioo cha zamani kina mambo yake. Ile rangi ya zambarau au kijani mnayoiona kwenye lenzi za kisasa ni utando wa kupunguza mwanga unaopotea, na ulibuniwa na Alexander Smakula pale Zeiss, kampuni ya vioo ya Ujerumani, mwaka 1935, kwa hiyo darubini nyingi za kabla ya vita hazina kitu hicho. Kila uso wa kioo usio na utando unapoteza kama asilimia 4 ya mwanga, ukiwa na nyuso 10 umebaki na theluthi mbili hivi. Kwa hiyo usitegemee iwe na mwanga wa darubini ya juzi. Kwa shabaha nyeusi kwenye karatasi nyeupe mchana kweupe, inatosha kabisa, na mimi kusema ukweli ile picha ya Unertl nzuri naipenda kuliko nyingi za sasa.

Cha kwanza ni jicho lako na msalaba. Elekeza darubini angani, mbali na jua jamani, mbali na jua, tazama kwa muda mfupi. Msalaba uwe mweusi mkali mara moja, sio baada ya kukodoa. Kama sio, legeza ringi ya kufungia pale nyuma, zungusha kioo cha jicho kidogo, pumzisha jicho, tazama tena. Ukitazama muda mrefu jicho litajirekebisha lenyewe na utadhani umeweka sawa. Ukimaliza funga ringi na usiguse tena, hiyo ni ya jicho lako wewe, sio ya umbali.

Kisha sogeza bomba mbele na nyuma kwenye maunti mpaka ukiwa umelala kama unavyolala siku zote picha inajaa bila kivuli pembeni. Lala kwanza halafu darubini ikufuate. Nyingi zinataka jicho likae karibu, kwenye inchi 2 hivi, kwa .22 haina neno, kwa bunduki ya teke kubwa kuwa makini na nyusi zako. Hapo ndipo unafunga ile ringi ya kituo.

Sasa paralaksi. Hili neno linawatisha watu bure. Mmewahi kukaa kiti cha abiria mkatazama sindano ya spidi ya gari? Dereva anaona 80, wewe wa pembeni unaona namba nyingine, sindano ni ileile, ila haiko juu ya namba kabisa, kuna nafasi katikati. Ndivyo ilivyo kwenye darubini, picha ya shabaha isipoangukia palepale ulipo msalaba, kila ukisogeza kichwa msalaba unahama juu ya shabaha. Bunduki haijasogea. Wewe ndiye umesogea.

Kuna mama mmoja, mlengaji mzuri kuliko wengi wenu humu na ananisikia, makundi yake kwenye yadi 100 yalikuwa madogo ya duara safi, akija yadi 50 yanatanuka kwa upana. Yadi 50 ni karibu zaidi, yanatanukaje? Watu wakamwambia ni upepo. Upepo gani unaosumbua yadi 50 na kuiacha 100? Mwishowe tukaiweka bunduki kwenye mifuko ya mchanga, tukamwambia asiiguse, asogeze kichwa tu kushoto na kulia. Msalaba ukawa unatembea kutoka ukingo mmoja wa duara nyeusi hadi karibu na wa pili. Lenzi ya mbele ilikuwa imewekwa kwa yadi 100 na haikuwahi kuguswa tangu ainunue, na yeye shavu lake kwenye kitako linahama kidogo kushoto na kulia, basi kundi nalo linahama kushoto na kulia.

Dawa yake ni pale mbele, kwenye lenzi kubwa. Kuna ringi ya kufungia, ilegeze, zungusha kichwa cha lenzi kidogo, rudi utikise kichwa chako, zungusha tena, mpaka msalaba ugande kwenye shabaha hata ukitikisa kichwa vipi. Kuna namba za yadi zimechongwa pale, zichukue kama pa kuanzia tu, zisikuamulie. Usiamini picha kuwa kali vilevile, jicho linasamehe sana, amini kutikisa kichwa. Ukipata weka alama yako mwenyewe ya 50 na ya 100, kipande cha utepe kinatosha. Funga ringi. Akaweka alama zake mama yule, na sasa hivi wanaomsingizia upepo hawapo.

Kusafisha lenzi nitasema kidogo maana nitakasirika. Puliza vumbi kwanza, brashi laini, kisha kitambaa cha lenzi kwa wepesi. Usimwagie spiriti. Vile vioo viwili vya kwenye lenzi vimeshikanishwa kwa utomvu wa mti unaoitwa balsamu ya Kanada, na dawa kali ikipenya pembeni unaanza kuachia, unaona ndani rangi za upinde wa mvua au mistari ya kupasuka. Joto kali nalo linafanya hivyo, kwa hiyo usiiache ndani ya gari juani. Na kufungua fungua, tafadhali. Uzi wa buibui hauna spea dukani. Ukungu ndani ikinyesha utaupata, hizi hazikufungwa kuzuia unyevu, iache ikauke taratibu chumbani.

Mwisho nobu, kuzitumia.

Nobu ya juu ni ya juu na chini, ya kulia ni ya upepo. Kanuni ni moja, sehemu ya nyuma ya darubini inakwenda unakotaka risasi iende. Unataka risasi ipande, bomba linainuka nyuma. Unataka kulia, bomba linakwenda kulia. Nobu inasukuma kutoka upande mmoja na springi inasukuma kutoka upande wa pili, bomba liko katikati yao. Sasa ukikaza nobu unalisukuma bomba kwa chuma, hakuna ubishi, lakini ukifungua unamtegemea springi alisukume bomba lifuate, na springi ya zamani yenye grisi iliyoganda inaweza kuchelewa, inafuata baada ya risasi ya kwanza au ya pili. Mmewahi kurekebisha, risasi haisogei, mnarekebisha tena, halafu inaruka mara mbili? Ni huyo. Kwa hiyo unapofungua, pitiliza kliki kadhaa, kisha rudi kwa kukaza mpaka namba unayoitaka. Kila badiliko limalizike kwa kukaza. Na safisha ile grisi ya zamani, kile kijiti kinachosukumwa na springi kitembee.

Halafu namba zenyewe. Kliki 50 kwa raundi, raundi moja ni inchi 12.5 kwenye yadi 100. Kumbuka hiyo. Kwenye shina kuna mistari, kila mstari ni raundi moja, na kwenye nobu kuna sehemu za raundi. Unasoma vyote viwili. Kuna jamaa kwenye shindano alikuwa anasoma nobu peke yake, alitoka yadi 50 kwenda 100, na .22 ya shabaha ukitoka 50 kwenda 100 inataka dakika 6 au 7 za kupanda, kliki 24 hadi 28 hivi, jamaa akazungusha, akavuka sifuri, akachanganyikiwa, akarudi, akasimamisha nobu kwenye namba sahihi kabisa. Namba sahihi, raundi ya pili. Inchi 12.5 juu. Risasi zake zote za majaribio hazikuonekana popote, anaangalia karatasi nyeupe anasema shabaha yangu imechoka kunipokea. Aliyekuwa jirani yake ndiye aliyemwambia hesabu mistari kaka.

Daftari basi. Umbali, risasi, mistari mingapi na namba gani. Na kabla ya kuiamini darubini uliyonunua juzi fanya mraba: piga risasi chache, panda kliki 20, piga, kulia 20, piga, shuka 20, piga, kushoto 20, piga, mwisho urudi ulipoanzia. Kundi la mwisho lisipolala juu ya la kwanza, mnajua mnaangalia nini kwanza?

Miguu! Eeh, angalau hilo limeingia.

Wanaotaka kununua, hamna mengi. Papasa bomba lote kwa kidole, usikute bonde. Bomba la kawaida ni inchi robo tatu. Maunti ziwe jozi, na uzione nobu zikizunguka mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Mulika tochi kutoka mbele utazame balsamu. Mtu akikuambia haina maunti lakini utazipata kirahisi, muulize kwa nini hajazitafuta yeye.

Mimi nimemaliza. Maswali tutaulizana hukohuko mezani mikono ikiwa kazini. Waliokuja na bunduki zao, tena naomba, bolti nje na chemba zionekane, njooni mmoja mmoja tupime besi, kalipa ninayo na daftari ninalo. Mzee, wewe uliyenyoosha nusu mkono, tuanze na yako.